Chapa ya Samaki

Tindo hakuwa na meno manne ya mbele. Hakuwa na nusu ya kidole gumba cha kushoto. Kilibaki ndani ya mashine ya kukatia vifungo mwaka aliooa. Mke naye hakuwa naye tena. Hakuwa na mtoto wa kiume, ingawa mkwe wake, fundi wa malori, aliliziba pengo hilo bila kuombwa. Hakuwa na darasa hata moja la mchana: alisoma jioni, akiwa na miaka thelathini na minne, kwenye dawati la watoto lililompandisha magoti mpaka kidevuni. Hakuwa na subira. Hakuwa na simu ya kupapasa. Na hakuwa na mazoea ya kuomba radhi, hata pale alipojua wazi kwamba kosa ni lake.

Alichokuwa nacho ni sarafu hamsini na tisa za fedha, pana na nzito, za biashara ya zamani, zilizozunguka bandari hata bandari kabla babu zake hawajazaliwa. Zama zile mfanyabiashara akiletewa sarafu kama hiyo aliipima, akaigonga mezani asikie mlio wake, kisha akachukua kipande cha chuma chenye alama yake na kukipiga nyundo juu yake. Alama hiyo iliitwa chapa. Maana yake ilikuwa moja: nimeikagua, ni fedha kweli, na ikionekana mbovu nirudishieni mimi. Sarafu iliyopita kwa wengi ilijaa chapa mpaka sura ya mfalme ikafutika, ikabonyea kama kisahani. Wengine waliziona takataka. Tindo, aliyetumia miaka thelathini na moja kuchonga kalibu za vifungo na bizimu za mikanda kiwandani, aliona ndani yake kazi za mikono ya mafundi wenzake, na kila mmoja wao alikuwa amekubali kujibu kwa kile alichokigonga.

Siku ya kustaafu kwake kiwanda kilimpa zawadi tindo, patasi ya chuma kigumu, urefu wa kiganja, ubavuni imechorwa jina lake, siku, mwezi na mwaka. Akaiweka droo ya juu, akaapa hataitumia.

Chama cha wakusanyaji sarafu mjini hapo kilikuwa na watu tisa. Walikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Mwenyekiti alikuwa Fundi Saa, mtu mwembamba wa maneno mengi, mwenye daftari kubwa alimochora chapa zote alizozijua. Tindo alikuwa mkaguzi: mwanachama akitilia shaka sarafu yake, Tindo huiangalia kwa lenzi na kutia saini. Walikuwa marafiki wa kutaniana, ila utani wa Fundi Saa ulikuwa na meno. Siku moja, mbele ya wote, alimwambia Tindo kuwa macho anayo lakini hana kichwa cha kuyatumia, kwani mambo haya yanataka mtu aliyesoma mchana, si wa taa. Watu wakacheka. Tindo naye akacheka, pengo likaonekana, wakazidi kucheka.

Alirudi nyumbani, akafungua droo ya juu, akaivunja ahadi yake. Kwa wiki mbili alichonga kwenye ncha ya ile tindo ya zawadi samaki mdogo aliyejikunja, mwenye jicho moja. Chombo kilimteleza mara moja tu, kikaacha mkwaruzo mkiani. Alichagua sarafu yenye chapa sita za kweli, akaiweka juu ya gogo kama wazee walivyofanya, akagonga ya saba. Miezi minne alitembea nayo ndani ya mfuko wa ngozi wenye funguo na majivu, mpaka samaki akachakaa kama aliyezaliwa miaka mia mbili nyuma. Kisha akampelekea Fundi Saa, akasema ameiokota kwenye fungu la fedha chakavu, na akamwomba yeye aliyesoma amweleze ni nini.

Akamwachia, na Fundi Saa alikesha nayo. Aliandika kurasa kumi na moja kwenye jarida la chama kuhusu mfanyabiashara asiyejulikana wa Samaki wa Jicho Moja. Barua zilimjia kutoka nchi ambazo Tindo alizijua kwenye ramani tu. Aliitwa akahutubie. Tindo alikuwa amepanga kumwambia baada ya wiki, wacheke wote. Wiki ikawa mwezi. Mke wa Fundi Saa akafariki, na msibani mtoto wake mkubwa alimtaja yule samaki katika mambo yaliyompa marehemu fahari. Tindo alikuwa amekaa safu ya pili. Alijikuna shingo. Ikawa miaka sita.

*

Ilikuwa Jumanne, saa za chakula cha mchana. Fundi Saa alikuwa peke yake dukani, mgongo kwa mlango wa nyuma, akila. Mtu alimvika gunia kichwani na kumpiga chuma cha taya. Taya likavunjika mahali pawili. Walikuwa wawili, maana mmoja alimkalia mgongoni na mwingine alimuuliza ufunguo wa kabati la sarafu uko wapi. Fundi Saa hakusema. Wakamnyoosha mkono wa kulia juu ya meza yake ya kazi, katikati ya saa za watu, wakachukua nyundo yake mwenyewe. Kidole kidogo kwanza. Cha pili. Cha tatu kilipopondeka, alisema kwa taya lile lile lililovunjika. Walibeba sarafu zote arobaini na daftari. Kabla ya kuondoka mmoja alimkanyaga usoni kwa kisigino, bila sababu yoyote, kama mtu anayezima sigara.

Mkwe wa Tindo ndiye aliyemkuta. Alikuwa amefuata saa yake iliyotengenezwa. Alimbeba mabegani mpaka barabarani akiita watu, na damu ya mzee ikamtiririka kifuani mpaka kwenye mkanda. Polisi walifika, wakatazama ni nani mwenye damu, wakamchukua. Kituoni wakakuta aliwahi kufungwa miezi mitatu kwa kupigana gereji. Basi, kazi yao ikawa imekwisha.

Kazi ya kumfanya akiri ndiyo iliyoanza. Walimpiga kwa mpira wa maji kwenye nyayo na figo. Walimtundika kwa pingu kwenye nondo ya dirisha, vidole vya miguu vikigusa sakafu kwa shida. Siku ya pili sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Binti yake Tindo alipeleka chakula, akarudishiwa bakuli na shati. Alilitandika shati mezani mbele ya baba yake bila kulikunja.

"Anakojoa damu, baba," alisema. "Wanataka atie saini. Ijumaa wanampeleka kwa hakimu, na wameniambia ataenda akiwa ameshakiri."

Ilikuwa Jumatano jioni. Na Fundi Saa, wauguzi walisema, huenda akapona na huenda asipone. Akifa, shtaka lingekuwa la kuua, na kila mtu alijua mwisho wa shtaka hilo.

*

Alhamisi asubuhi, milango ya maduka ilipofunguliwa tu, Tindo alianza kuyazungukia ya vitu vya kale. La nne lilikuwa la Dalali, mtu mwenye pete tatu na sauti ya upole, aliyekuwa na mpagazi wa kubebea makabati, shingo lake pana kuliko kichwa. Kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa cheusi, samaki wa jicho moja alikuwa akimtazama.

Tindo aliomba kuishika. Akaigeuza. Chapa sita za kweli kwa mpangilio alioukariri, na ya saba yenye mkwaruzo mkiani. Akauliza imetoka wapi.

"Ya siku nyingi hiyo, mzee wangu," Dalali akasema. "Mwaka wa kumi sasa. Niliinunua kwa mjane wa baharia, risiti ninayo."

"Fundi Saa alikuwa na kama hii."

"Ndugu zake ziko nyingi. Fundi Saa mwenyewe ameandika, ukurasa wa tisa, kwamba nyingine zitajitokeza. Si umesoma? Au nikusomee?"

Mtu mwingine angewaza. Tindo, nimesema, hakuwa na subira. Alifumba ngumi juu ya sarafu.

"Iko moja tu duniani," alisema.

"Nani kasema?"

Neno moja lilitosha, naye hakulitoa. Dalali akamwita mpagazi.

Walimlaza tumbo juu ya kaunta. Mpagazi alimkunja mkono wa kulia kuelekea ukingo wa mbao, polepole, kama anayepima ubao kabla ya kuuvunja, na kiwiko cha mkono kikalia. Ngumi haikufunguka. Tindo alipapasa kwa mkono wa kushoto, akapata mizani ya shaba, akaishusha kwenye uso wa Dalali. Nyusi ikapasuka, damu ikaruka juu ya kioo. Dalali alipiga ukelele wa kitoto. Mpagazi akaukunja tena ule mkono uliokwisha vunjika, upande wa pili, na vidole vikafunguka vyenyewe.

Wakamtupa kwenye baraza. Mpagazi alitoka nyuma yake na kumpiga mateke ya mbavu, akihesabu kwa kunong'ona. Alipochoka aliinama, akamsogelea sikioni.

"Mwenzako alisema kwenye cha tatu, babu," alisema. "Wewe unavyo tisa na nusu. Tutafika wapi?"

Tindo alilala pale, shavu kwenye saruji, miguu ya wapita njia ikimkwepa. Habari za vidole vitatu hazikuwa zimetangazwa popote. Yeye aliambiwa na muuguzi. Huyu aliambiwa na nani?

Alifika kituoni kwa miguu, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto. Dalali alikuwa ameshatangulia na kitambaa usoni, risiti ya miaka kumi, na jarida limefunguliwa ukurasa wa tisa. Mpelelezi, mtu mzima mwenye tai iliyolegea, aliwasikiliza wote wawili. Maneno ya sikioni aliyapuuza: mpagazi alikana, na shahidi hakuwapo. Alisema kwa alivyoona yeye, mzee aliingia duka la mtu, akampasua nyusi, akataka kutoroka na mali. Na mwizi wa kwanza ni mkwe wake. Hivyo familia nzima inampa kazi. Hata hivyo, kwa kuwa sarafu ina mzozo, aliitia kwenye bahasha, akaandika kielelezo, akaifungia kabatini mpaka hakimu aamue.

"Ila nikuulize, mzee," alisema wakati Tindo anainuka. "Umejuaje kuwa ni moja tu?"

Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, kulisikika mtu akipigwa. Sauti ya mpira, kisha sauti ya mtu. Tindo aliijua sauti ile ya pili. Ilimwita baba kwa miaka kumi na miwili. Alisimama mlangoni mpaka mapigo saba yakapita, naye akakaa kimya. Jambo hilo hajajisamehe mpaka leo.

*

Binti yake alimfunga bendeji jikoni. Alikuwa fundi cherehani, mikono yake ilijua kuvuta kitambaa. Alimuuliza swali lile lile la mpelelezi, na kwake Tindo hakuweza kunyamaza. Alimweleza yote, kuanzia kicheko cha ghorofani mpaka mfuko wa funguo.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivuta bendeji kwa nguvu zake zote juu ya mfupa uliovunjika, na baba yake, ambaye hakulia kaunta ilipomvunja, akalia.

"Mume wangu anakojoa damu," alisema, "na wewe unalinda mzaha."

"Si mzaha ninaoulinda. Yule mtu hana kitu kingine. Mke kafa, mkono kapondwa. Nikisema, namuua mara ya pili."

"Basi mwulize auawe nani."

Walikwenda hospitali mchana ule ule. Fundi Saa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, taya limefungwa kwa waya, mkono wa kulia ndani ya plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga. La pili lilimtambua Tindo, likachangamka. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Tindo alivuta kiti, akamwambia. Hakupamba. Alisema: nilimchonga mimi, kwa hasira, kwa sababu ulinicheka. Hakuna mfanyabiashara. Sarafu iko polisi, na bila mimi kusema hivi mkwe wangu atakufa kwa kosa la waliokuvunja.

Jicho likatulia. Halafu mkono wa plasta ukainuka kutoka kitandani, ukazunguka, ukatua mdomoni mwa Tindo kama tofali. Kiti kikapinduka. Tindo alijikuta sakafuni, amekaa, na jino kwenye ulimi. Sasa mapengo yalikuwa matano. Muuguzi alikuja mbio. Binti akamzuia kwa mkono. Fundi Saa aliinama kutoka kitandani, akampiga tena, mara mbili, kila pigo likimuumiza yeye mwenyewe zaidi ya anayepigwa, akiguna nyuma ya zile waya, na Tindo hakujikinga wala hakusogea.

Nguvu zilipomwishia, alionyesha kwa mkono wa kushoto kuwa anataka kalamu. Binti akampa penseli na karatasi ya dawa. Aliandika kwa taabu, herufi zikipanda na kushuka.

*Andika. Lakini sema kazi ilikuwa nzuri.*

Kisha akageukia ukuta.

*

Tindo aliandika mezani kwake, kwa mkono wa kushoto, kwa kidole gumba kisicho na ncha. Mwandiko aliojivunia, uliompatia tuzo ya kamusi darasani, ulirudi kuwa wa mtoto. Karatasi nne alizitupa. Binti alijitolea kuandika badala yake, Tindo akakataa. Alisema aliyegonga ndiye anayejibu, na kujibu si kwa mkono wa mtu mwingine.

Aliandika kwa mheshimiwa hakimu kwamba chapa ya saba iliyo kwenye sarafu ya kielelezo ni ya uongo, na kwamba mwongo ni yeye. Akaeleza mkwaruzo wa mkiani, upana wake, na upande ulioelekea. Akaandika kwamba chuma kilichogonga chapa hiyo anacho, na atakileta mwenyewe mahakamani, kipimwe juu ya sarafu mbele ya watu. Ubavuni kina tarehe iliyochorwa na kiwanda siku alipostaafu, miaka saba iliyopita. *Naomba Dalali aulizwe,* aliandika, *aliwezaje kununua miaka kumi iliyopita samaki ambaye mama yake alikuwa bado hajatoka kiwandani. Naomba pia mpagazi wake aulizwe ni nani aliyemwambia habari za kidole cha tatu.* Alitaja hali ya mkwe wake, sikio na figo, akaomba daktari asiye wa polisi.

Aya ya mwisho ilimchukua muda kuliko zote. *Mwenyekiti wa chama chetu hakudanganyika kwa ujinga. Kazi ilikuwa nzuri. Niliifanya ili imdanganye mtu hodari, na mtu asiye hodari asingehangaika nayo. Kuanzia leo mimi si mkaguzi wa chama. Sarafu zote nilizotia saini zikaguliwe upya na mtu mwingine. Namwomba radhi yeye, na mkwe wangu, ambaye nilimsikia akipigwa nikanyamaza.*

Alitia saini. Akaisoma kwa sauti, kwa pengo jipya lililofanya kila *s* ipulize, na binti yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akacheka, akajifuta macho kwa kiganja.

Wakaikunja mara tatu, wakaitia kwenye bahasha. Binti aliyeyusha lakiri juu ya mshumaa, akaiacha idondoke kwenye mkunjo mpaka ikawa duara jekundu. Alishika tindo ya zawadi wima, samaki chini. Lakiri haikuhitaji nyundo. Tindo aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya mkono wa binti, akakandamiza, akahesabu mpaka kumi, akainua. Samaki alikuwa pale, amejikunja, jicho wazi, na mkwaruzo wake mkiani.

Masjala ya mahakama ilikuwa bado haijafungwa. Binti aliiweka barua kifuani, chini ya kanga, akatoka kwa haraka. Tindo alisimama dirishani akimfuata kwa macho mpaka kona, tindo bado i mkononi, na joto la lakiri halijaitoka.